Kisumu kwa miguu: jinsi ya kuzunguka ukiangalia majengo, kutoka bandarini mpaka Thimlich Ohinga

Watu wengi wakifika Kisumu wanauliza mambo mawili tu, samaki inaliwa wapi na boti ya kwenda kuona viboko ni pesa ngapi, na hiyo ni sawa kabisa, lakini hii tao iko na majengo ya maana sana na mengi unaweza fikia kwa miguu kama utaamka mapema. Naandikia mtu anakuja kutoka Nairobi ama Eldoret ama hata Mombasa, ako na siku mbili hivi, anapenda majengo na hataki kuzungushwa na tuktuk kutoka geti moja hadi ingine akipigwa picha bila kujua anaona nini. Naandikia pia sisi wa huku, juu kuna mtu amepita Oginga Odinga Street maisha yake yote akienda kazini na hajawahi inua macho juu ya mabango ya maduka.

Kitu ya kwanza, panga njia yako. Ukianza popote tu, hapa msikiti, pale saa, kule makumbusho, kila kitu kitakaa pekee yake na jioni utakuwa na picha mingi kwa simu bila stori ya kuziunganisha. Anza chini kabisa kwa ziwa, kwa bandari na stesheni ya reli, juu hii tao ilianzia hapo, panda nayo pole pole mpaka kwa maduka ya zamani ya Wahindi na mnara wa saa, uende msikiti, kisha makumbusho uone boma la Kijaluo, na ukipata siku ingine utoke nje ya jiji kabisa. Kila mahali utasimama, angalia vitu viwili, jua linazuiliwa aje na maji ya mvua yanapelekwa wapi. Huku Nyanza jua ni kali na mvua ikija inakuja kwa fujo, so kila fundi aliyewahi kujenga hapa, awe Mjaluo wa miaka mia tatu iliyopita ama Mhindi wa 1920s ama mzungu wa reli, ilibidi apigane na hivyo viwili, na ukishaanza kuangalia hivyo utaona jengo likiongea bila hata mtu kukuelezea.

Toka saa moja asubuhi, saa mbili ukichelewa. Kufika saa sita lami inachemka na hakuna raha ya kusimama barabarani ukikodolea paa macho, na mara nyingi mawingu yanaanza kujikusanya mchana na jioni inanyesha. Beba maji, vaa kofia, viatu vya kutembea, na leso ama skafu kwa begi hata kama wewe ni mwanaume, utaihitaji baadaye. Kitambulisho usisahau, kwa makumbusho ya serikali Mkenya analipa kidogo kuliko mgeni, na siku hizi malipo ya sehemu nyingi za serikali ni kwa simu kupitia eCitizen, so weka pesa kwa M-Pesa na uhakikishe simu iko na chaji.

Sasa stesheni. Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 na ikafika hapa ziwani tarehe 20 Desemba 1901, zaidi ya kilomita 900, na msumari wa mwisho ulipigwa na Florence Preston, bibi ya injinia Ronald Preston aliyekuwa anasimamia kulaza hizo reli. Ndio maana mahali hapa paliitwa Port Florence kwa muda kabla jina la Kisumu kurudi. Kuna kitu watu wengi hawajui, wakati reli inafika, upande huu wote ulihesabiwa kuwa Uganda, ukahamishwa kwa utawala wa Kenya ya leo mwaka wa 1902, ndio unaelewa mbona reli iliitwa ya Uganda na ilhali haikuwa imekanyaga Uganda yenyewe ya leo. Bandari nayo ilikuwa mwanzo wa safari ingine, meli zilikuja vipande vipande kutoka Uingereza, zikabebwa, zikaunganishwa hapa kando ya maji na kushushwa ziwani. Hebu simama hapo ufikirie hiyo kazi, chuma yote hiyo kutoka ng'ambo mpaka Mombasa, alafu bara, alafu watu wanaikaza nati moja moja kwa hili joto.

Stesheni ilirekebishwa na treni ya abiria ikarudi mwisho wa 2021 baada ya kukaa kimya miaka mingi. Pale angalia vile kila kitu kimepangwa kufuata mizigo. Reli zinateremka mpaka majini, maghala yamekaa kando ya reli, barabara zinapanda kutoka hapo kwenda juu, yaani tao yote iliwekwa ili gunia ishuke kwa behewa na iingie kwa meli bila kubebwa mbali. Ukibahatika kuona MV Uhuru utaelewa zaidi, hiyo meli ya miaka ya 60 ilitengenezwa kubeba mabehewa yenyewe, unasukuma treni ndani na inavuka nayo maji mpaka nchi ingine.

Picha hapa ni kwa heshima. Bandari ni eneo lenye ulinzi, usijifanye unapita tu na kamera kubwa shingoni, nenda kwa soja wa geti umsalimie, mwambie wewe ni mtalii unapenda majengo ya zamani, uliza ni wapi unaruhusiwa. Akikataa usibishane naye, anafanya kazi yake, ondoka tu na kuna njia ingine: ukichukua boti kule Dunga, ufuo wa wavuvi hapo nje ya tao, baadaye, mwambie nahodha kabla mtoke kwamba unataka kuona jiji kutoka majini, na kutoka ziwani unaona vile mji umepanda kilima kutoka ufuoni, kitu ambacho ukiwa ndani ya tao huwezi ona. Na droni usitoe kwa begi bila kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege ya Kenya, si Kisumu tu, ni Kenya yote.

Kutoka stesheni panda Oginga Odinga Street kwa miguu, usichukue boda, ni hapa ndio watu hupoteza kitu nzuri zaidi ya hii tao. Chini kwa macho yako utaona tu maduka ya simu, nguo, dawa, mabango ya kila rangi. Vuka uende upande wa pili wa barabara, geuka, na uangalie gorofa ya kwanza kwenda juu. Hapo ndio jengo la zamani linaishi bado. Wenye walijenga ni wafanyabiashara Wahindi waliofuata reli, duka chini, familia inalala juu, na mbele ya duka wakaacha veranda yenye nguzo ili mteja atembee kutoka duka moja hadi lingine bila kuchomwa na jua wala kulowa. Hiyo veranda bado inafanya kazi, ona tu ikinyesha vile watu wote hukimbilia pale. Angalia ukuta wa juu kabisa unaoficha paa ya mabati, baadhi ya mafundi walipenda kuweka pale jina la mwenye jengo ama mwaka, imechongwa kwa plasta, na ukiipata umepata cheti cha kuzaliwa cha hilo jengo. Angalia madirisha, yale ya mbao yenye vipande vya kulala yaliyoachwa nafasi za upepo, yamebaki machache, mengi yametolewa wakaweka vioo na wakilipia stima ya feni kila mwezi. Inaniuma kusema ukweli, lakini yenye yako bado ni ya kuangaliwa leo, sio mwaka ujao.

Kama jengo limekushika, ingia dukani ununue kitu hata ya shilingi hamsini, umwamkie mwenye duka, uliza tu "mzee, hii nyumba ni ya kitambo?" Nakuambia hapo utapata historia hakuna kitabu kimeandika. Wazee wa hizo maduka wanajua nani alijenga, nani aliuza, nani alihama. Ukienda moja kwa moja na kamera bila salamu utafukuzwa na utastahili.

Kwa hiyo hiyo barabara ndio kuna mnara wa saa. Usipite tu. Ulifunguliwa Agosti 1938 na gavana wa koloni wakati huo, Sir Robert Brooke-Popham, na haukujengwa na serikali, ulijengwa na watoto wanne wa Kassim Lakha kumkumbuka baba yao, mfanyabiashara aliyefika Afrika Mashariki 1871 na akafia Kampala 1910. Yote imeandikwa pale kwa mnara, sogea karibu usome. Nikiuangalia huo mnara mimi naona tao iliyokuwa imekomaa, 1901 watu wanaunganisha meli kwa tope, miaka thelathini na saba baadaye familia ya biashara inaweza zawadia mji saa ya kila mtu. Na miaka hiyo ya 30 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zinatua hapa ziwani zikitoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika, so Kisumu haikuwa kijiji cha mbali hata kidogo, abiria kutoka London walikuwa wanashukia hapa. Asubuhi ndio wakati mzuri wa picha ya mnara, kabla magari na boda zijae mbele yake, na tafadhali usisimame katikati ya barabara kupata engo nzuri, hao wasee wa piki hawatakungoja.

Jamia Mosque iko Otieno Oyoo Street, si mbali, uliza mtu yeyote. Ni ya kijani na nyeupe, minara yake unaiona kabla ufike. Ukitaka kuingia ndani, epuka saa za swala na hasa Ijumaa mchana, siku hiyo msikiti umejaa na wewe utakuwa kizuizi. Njoo katikati ya asubuhi siku ya kawaida, simama mlangoni, toa salamu, ngoja mtu atoke umuulize kama wageni wanaruhusiwa kuona. Vua viatu, magoti na mabega yafunikwe, dada yangu ile leso niliyokwambia ubebe inafunika kichwa hapa. Watu wa hapo ni wakarimu sana ukija na adabu. Wasiokuwa Waislamu wengi wanadhani Uislamu Nyanza ni wa juzi na huo msikiti unawaonyesha si hivyo, umekuwa hapo tangu siku za mwanzo za mji. Kisumu kuna pia mahekalu ya Kihindu na gurdwara ya Masingasinga, sheria ni karibu zile zile, viatu nje, na kwa gurdwara kila mtu anafunika kichwa, mwanaume na mwanamke, ndio maana nilisema leso hata kwa wanaume.

Makanisa sitakaa sana. Cathedral ya Katoliki ya St. Theresa iko Kibuye, na ukienda Jumapili utapata soko la Kibuye limefurika hadi nje, so unaweza unganisha hivyo viwili asubuhi moja, misa kwanza soko baadaye.

Mchana pumzika. Chukua tuktuk uende Dunga, patana bei kabla upande, kula samaki ya wet fry na ugali ukiangalia mafunjo, chukua ile boti ukitaka. Jua likipoa rudi upande wa makumbusho.

Makumbusho ya Kisumu yako kwa barabara ya Nairobi, yalifunguliwa 1980. Wengi huja na watoto kuona nyoka na mamba na samaki, wanamaliza hapo na kurudi kwa steji. Wewe pita hao mamba, nenda nyuma kwa Ber-gi-dala, boma kamili la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake wa kweli, la mzee mwenye wake watatu. Kwangu mimi hii ndio sehemu ya lazima kuliko zote nimetaja mpaka sasa, na ndio unahitaji muda, saa nzima ama zaidi, na mtu wa kukuelezea. Uliza pale mlangoni kama kuna mwelekezi wa kukuzungusha na umpe kitu kidogo mwisho, anastahili.

Ingia kupitia geti kama mgeni angeingia. Mbele yako, ikitazamana na geti, ni nyumba ya mikayi, mke wa kwanza. Nyumba za nyachira wa pili na reru wa tatu zinakaa pembeni zake, kila moja mahali pake, haziwezi badilishana. Karibu na geti ndio kuna simba, nyumba ya kijana, na mifugo iko katikati ya boma ambapo kila mtu anaiona. Duol, kibanda cha mzee, kinakaa karibu na ng'ombe, hapo ndio mzee anapokea wageni wa kiume na kula na kuongea mambo ya boma. Maghala ya nafaka yameinuliwa kutoka chini ili unyevu na panya zisifike. Ukisimama katikati unaweza jua nani alioa lini na mtoto gani ni mkubwa bila kuuliza swali hata moja, juu mpangilio wenyewe umeshakwambia. Na hii sio kitu ya zamani imekufa, mpaka leo ukienda Siaya ama Nyakach ama Seme utakuta kijana amejenga simba yake upande unaofaa kwa boma la baba hata kama ni ya matofali na mabati na iko na dishi ya televisheni juu.

Sasa fanya ile kazi ya jua na maji. Angalia paa ya nyasi vile inashuka chini sana kupita ukuta, karibu uiname kupita chini yake. Ukuta ni udongo na fito, na udongo ukipigwa na mvua unayeyuka, so paa inasukuma maji mbali na ukuta na pia inaacha kivuli kuzunguka nyumba yote. Ingia ndani saa ile jua ni kali uguse ukuta, ni baridi. Alafu kumbuka ile veranda ya duka la Oginga Odinga Street uliyopita asubuhi. Mjaluo na Mhindi hawakukaa chini kuongea kuhusu ujenzi, lakini jua lile lile na mvua ile ile ziliwafikisha mahali pamoja.

Kama uko na siku ya pili, na nakuomba sana uwe nayo, nenda Thimlich Ohinga, Migori. Hapa ndio naongea kwa sauti. Wakenya wengi wanajua Gede na Lamu na Fort Jesus, na hawajui kuna ngome ya mawe upande huu wa nchi ambayo UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018. Kuta zake pengine zilijengwa karne ya 16, zinafika kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu kwenda juu, na unene wa mita moja ama zaidi, na hakuna hata tone la simiti wala udongo wa kushikilia. Ni jiwe juu ya jiwe. Tena mawe yenyewe hayakuchongwa, ni yale ya kuokotwa, kila moja na umbo lake, na mtu alilichagua, akaligeuza, akalipata pahali litakaa. Ukitazama vizuri utaona ukuta una uso wa nje na uso wa ndani, na katikati wamejaza mawe madogo madogo, hiyo ndio inashikilia. Kuta pia haziendi moja kwa moja, zinapinda pinda, na kila kona inaegemeza ingine. Milango ni midogo na mifupi, unaingia ukiinama, na adui akiingia akiinama wewe uko ndani umesimama unamngoja, hesabu ni rahisi.

Ndani kulikuwa na nyumba na ng'ombe, watu na mali yao pamoja. Pale kuna maboma kadhaa, Kochieng ndio kubwa, na kwa ukanda huo wote wa ziwa kuna mabaki mengine mengi ya mawe kama haya, Thimlich ndio kubwa na imesimama vizuri kuliko zote. Na sababu ya kusimama mpaka leo ni kwamba jamii tofauti ziliishi pale kwa kupokezana, na kila waliokuja walirekebisha palipoanguka badala ya kubomoa. Sijui kitu kinanigusa kama hicho kwa mambo ya majengo yote ya Kenya. Mtu hamjui aliyejenga, pengine hata sio lugha yake, lakini jiwe likianguka analirudisha.

Kufika huko jipange. Kutoka Kisumu unapitia Homa Bay, Rodi Kopany, Ndhiwa, na kutoka hapo uulize watu, kutoka Migori tao ni karibu kilomita 46 ukienda kaskazini magharibi. Usafiri wa umma hautakufikisha hadi mlangoni, kipande cha mwisho ni boda ama gari ya kukodi, na kama ni boda elewana naye akungoje, usimwachilie arudi ukidhani utapata ingine, utapiga miguu. Ondoka Kisumu alfajiri. Beba chakula na maji ya kutosha. Na ukiwa hapo, usipande ukuta, usikalie ukuta, usitoe hata kajiwe kamoja kupeleka nyumbani. Kuta zimeshikana kwa uzito wao tu, ukitoa moja umelegeza kumi. Nimeona watu wamepanda juu kupiga picha na inauma roho, simama chini, picha ya mtu kando ya ukuta ndio inaonyesha urefu wake vizuri zaidi hata hivyo.

Ukielekea upande wa Bondo badala ya Migori, Kit Mikayi iko njiani, hayo ni mawe ya Mungu mwenyewe hayakujengwa na mtu, lakini simama tu, kisha uendelee mpaka Kang'o ka Jaramogi uone kaburi la Jaramogi Oginga Odinga aliyefariki Januari 1994. Ni boma la familia lile, ingia na heshima ya matanga, sio ya sherehe.

Kwa wale mnarudi Nairobi kwa barabara, kuna vitu viwili vya kusimamisha gari. Kericho, kama kilomita 80 kutoka Kisumu, kuna Sacred Heart Cathedral iliyokamilika 2015, kazi ya ofisi ya msanifu John McAslan wa Uingereza, inakalisha watu 1,500. Kericho inanyesha karibu kila siku mchana, na hiyo kanisa ni kama imekuwa paa tupu, paa kubwa la vigae linashuka pande zote mbili mpaka karibu na ardhi, na ukiingia mlangoni ni chini na pembamba alafu linapanuka na kupanda ukienda altareni. Juu kabisa kwa kilele kuna mstari wa kioo unaoingiza mwanga. Tuliongea kuhusu paa la nyasi la Ber-gi-dala, sasa liangalie hili. Hapo hapo Kericho kuna gurdwara kubwa kando ya barabara kuu, iliyojengwa mahali alipokuwa anafanya kazi Baba Puran Singh, mzee wa dini anayeheshimiwa sana na Masingasinga, na msafiri yeyote wa dini yoyote anakaribishwa kula bure. Funika kichwa, kaa chini na wengine, kula kile umepewa umalize.

Nakuru sasa, ambayo ilifanywa jiji Desemba 2021. Kila mtu atakwambia Egerton Castle, Ngata, kama kilomita 14 kutoka tao. Nenda, si mbaya, vyumba 52, mlowezi wa Kiingereza Maurice Egerton alianza kuijenga 1938, vita vikamchelewesha, ikaisha 1954 na yeye akafa 1958, kwa hivyo aliishi ndani miaka minne tu. Waelekezi watakupa ile hadithi ya mwanamke aliyemkataa akisema nyumba yake ya kwanza ni ndogo kama banda la kuku, ndio akaamua kujenga kasri, ichukue kama hadithi. Uliza uonyeshwe ukumbi wa densi na kile kinanda kikubwa cha mabomba. Lakini nitasema vile naamini: fundi walikuwa hodari, mali ni ya bei, marumaru na mbao na vitu vingi vililetwa kutoka ng'ambo, ila hiyo nyumba haikuuliza hapa ni wapi. Imejengwa kumkumbusha mtu mmoja nyumba ya kwao Uingereza. Ndio maana naiweka mwisho, na sio mwanzo kama vile kampuni za utalii hufanya. Ukitoka Thimlich Ohinga alafu uione hii, utajua mwenyewe nasema nini. Kile alichojenga chenye kilisaidia watu ni ile shule ya kilimo ya Njoro ya 1939, leo ni Egerton University na ndio wanasimamia hiyo kasri. Jumamosi mara nyingi kuna harusi kwa bustani, chagua siku ya katikati ya wiki.

Na kabla utoke Nakuru, pita Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya watu wa kale, kilomita chache tu kutoka tao kwa barabara ya Nairobi. Mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alipaona 1926, na Mary Leakey, mtafiti pia, akachimba 1937. Pale utaona mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale wa huku, yale walichimba kuweka mifugo yao, na makaburi ya zamani zaidi ya hapo, na juu ya mwamba kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwa jiwe, safu kwa safu, watu walikuwa wanacheza wakiangalia ziwa. Saa moja inatosha. Geti liko karibu na barabara kuu, so ukimaliza unashuka tu kwa lami na kusimamisha matatu ya Nairobi, ila Jumapili jioni usingoje giza, zinapita zikiwa zimejaa.